Lebo za Tarehe Kumi na Mbili

Akulina Gavrilyevna Sleptsova aliponzwa na mwandiko wake mzuri. Aliupata katika chuo cha ualimu, Yakutsk, kwa mwalimu aliyewachapa wanafunzi rula vidoleni kila herufi ilipolegea. Alipohitimu alirudi kwao, kwenye mji mdogo wa bandari kule mto Lena unakomwaga maji yake katika bahari iliyoganda, akafundisha elimu ya mimea. Hati yake ilisimama wima, kila herufi ikikaa mahali pake kama mtu aliyelelewa vizuri. Watu walimletea barua za kuomba nyumba, barua za posa, hata maneno ya kuandikwa makaburini. Yeye mwenyewe hakuwa na maneno mengi. Mwanamke aliyesoma, kwa maoni yake, haaniki elimu yake nje kama nguo zilizofuliwa.

Aliolewa na Nikifor Sleptsov, dereva wa katapila wa kituo cha utafiti, na wapo walionong'ona kwamba mwalimu ameshuka ngazi. Hawakuwajua akina Sleptsov. Huo ulikuwa ukoo wa wawindaji ambao neno lao lilitosha. Sleptsov akisema mtego ule ni wa fulani, hakuna aliyekwenda kuuhakiki. Nikifor alikuwa damu hiyohiyo. Alikunywa, ndiyo, siku za sikukuu, kama wanaume wote wa bandari. Aliimba kwa sauti mbaya, kisha akalala. Siku ya kazi hakugusa chupa.

Katika kituo kile kulikuwa na maabara ya kuvumwani, ile mimea midogo ya kijani inayotanda juu ya mawe na udongo kama zulia lililochakaa. Watu wa bandari waliicheka. Zoya, mke wa mchochea makaa, alikuwa akisema dukani kwamba serikali imeajiri watu wazima na digrii zao kutunza uchafu wa mawe, na kwamba kama ni hivyo basi waje kwake, nyuma ya choo anayo maabara nzima. Nikifor hakucheka. Yeye ndiye aliyewapeleka watafiti kisiwani, na alikuwa amejionea. Kule ambako hata nyasi hukata tamaa, alimwambia mkewe, mimea ile hulala miezi tisa chini ya theluji imekauka kama tumbaku, haina mzizi wala ganda la kuikinga, na siku jua likirudi hunywa tone moja la maji ikawa kijani kabla hujamaliza kufunga kamba za buti.

"Imekufa na haijafa," alisema. "Kama baba yako akishashiba."

Mkuu wa maabara hiyo alikuwa Venyamin Lvovich Ardashev, mtu wa mji mkuu, mrefu, mpole, anayeinama kidogo anapozungumza na mwanamke. Alikuwa na fundisho lake moja, na alitaka lijulikane duniani. Kuvumwani ya kaskazini, alisema, huishi kwa kujikausha kabla baridi haijafika. Ikiganda ikiwa kavu, itaamka hata baada ya miaka. Lakini ikishalowa maji ya theluji, kisha ikaganda tena, imekwisha. Kwa hiyo alitaka sampuli zilizong'olewa kisiwani kabla ya theluji ya kwanza kuyeyuka, zikaletwa bandarini zingali zimeganda, zihifadhiwe, na kila mwaka kipande kimoja kiamshwe.

Mwaka 1974 joto liliwahi. Kati ya tarehe 20 na 23 Mei theluji ya kisiwani ililainika ikatiririka, kisha baridi ikarudi na kila kilicholowa kikaganda. Nahodha wa bandari alikuwa ameifunga njia ya barafu tangu tarehe 15, maana mto hupasuka kusini kwanza, na maji yake hufika baharini barafu ingali imelala; huila kwa chini, juu pakaonekana pazima. Hilo hata mtoto wa bandari analijua. Tarehe 28 Mei katapila la Nikifor lilizama kilomita tisa kutoka pwani. Mnyororo wa tela ulikatika, na tela likabaki juu ya barafu na masanduku yake ya kuvumwani, pungufu machache yaliyotumbukia.

Nikifor alipatikana baada ya siku kumi na moja. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na waliomwosha ni mkewe na mama yake. Hawakuona aibu yoyote. Waliona vidole ambavyo kucha zake zilikuwa zimeng'oka kwa kukwaruza barafu.

Tume ya watu watatu ilikaa siku moja, ikala chakula cha mchana, ikaandika. Iliandika kwamba kazi ya maabara kisiwani ilimalizika tarehe 12 Mei na watafiti wakarudi siku hiyo; kwamba dereva Sleptsov, kwa hiari yake na bila ruhusa, alirudi kisiwani na katapila, kwa kisingizio cha masanduku yaliyobaki, kuchukua pombe kwenye kituo cha hali ya hewa; kwamba alizama akiwa amelewa. Marubani wa helikopta walijua ni nani waliyemrudisha bandarini jioni ya tarehe 28. Lakini rubani naye ana watoto. Kwa hiyo Nikifor alizikwa bila bendera na bila hotuba, na Zoya akasema dukani, si kwa sauti ya chini, kwamba wenye majina makubwa nao wana chupa kubwa.

Sasa, watu wa kuvumwani wana desturi yao. Sampuli huwekwa katika bahasha ya karatasi iliyokunjwa mara nne, na juu yake hubandikwa lebo iliyoandikwa kwa penseli, kwa kuwa wino huganda: mahali, kiwanja, tarehe na saa ya kung'olewa, na jina la aliyeing'oa. Kuvumwani isiyo na lebo ni takataka, hata ikiwa imetoka mwisho wa dunia. Na lebo ikichakaa ikanakiliwa, ile ya kwanza haitupwi. Hukunjwa ndani ya bahasha pamoja na nakala. Nikifor alikuwa amemweleza mkewe hayo yote mezani, kwa fahari, kana kwamba desturi hiyo ameianzisha yeye.

Wawindaji wa ukoo ndio waliokwenda kulivuta lile tela. Ghala la baridi la kituo lilikuwa limejaa, basi masanduku yakawekwa kwa siku chache katika shimo la barafu la nyumba ya Sleptsov. Kila nyumba ya huko ina shimo lake, limechimbwa katika ardhi isiyoyeyuka kiangazi wala masika, na humo hukaa nyama ya kulungu wa theluji na samaki waliopangwa kama kuni. Akulina alishuka kuchukua samaki wa chakula cha matanga. Aliyaona masanduku. Akafungua moja, akamulika kwa tochi, akasoma, kwa mwandiko aliokuwa ameuona kwenye matangazo ya kituo mara mia: Kiwanja cha saba. 28 Mei 1974, saa nne asubuhi. Ameng'oa: V. L. Ardashev.

Alisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi. Mtu aliyedaiwa kurudi bandarini tarehe 12 alikuwa kisiwani tarehe 28, amepiga magoti na kisu mkononi. Yeye ndiye aliyeyapakia masanduku kwenye tela na kumtuma Nikifor juu ya njia iliyofungwa, kwa sababu helikopta haikuwa na nafasi ya mizigo na kuvumwani haingengoja. Akulina alichukua bahasha moja, akaificha nyuma ya samaki. Kesho yake watu wa kituo walikuja wakabeba mengine yote, na hakuna aliyehesabu, maana baadhi ya masanduku yalikuwa yameliwa na bahari.

Aliandika barua mbili Yakutsk kuomba tume nyingine. Hazikujibiwa. Ya tatu aliianza, na Venyamin Lvovich akabisha hodi.

Alikuja kwa heshima zote, amevua kofia. Alisema anajua uchungu wake. Alisema elimu kama yake inapotea katika shule ya watoto wa mabaharia, na kwamba maabara inahitaji mtu mwenye mkono mzuri na akili tulivu. Kuna nafasi, kuna nyumba yenye maji ya moto. Kuhusu Nikifor hakusema neno, wala jema wala baya. Akulina alimsikiliza na kumwelewa. Alijiambia kwamba ataingia maabara ili awe karibu na karatasi, karibu na ushahidi. Siku itakapofika, atazungumza mtu aliye ndani, si mjane anayelia mlangoni. Pengine alijiambia ukweli. Mvulana wake, Yegor, alikuwa na miaka sita, na nyumba ya Sleptsov ilikuwa na chumba kimoja na watu saba.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kunakili lebo. Venyamin Lvovich alimwekea mezani rundo la bahasha mpya na rundo la karatasi zilizochakazwa na chumvi. Alisema herufi zimefifia, hivyo yeye atasoma na Akulina ataandika. Akaketi dirishani na zile lebo za zamani mkononi.

"Kiwanja cha saba," alisoma. "Tarehe kumi na mbili Mei, saa nne asubuhi."

Akulina aliandika kiwanja cha saba. Kisha penseli ikasimama.

"Venyamin Lvovich, naomba niione."

Mkuu wa maabara hakugeuka. Aliendelea kutazama nje, uani, mbwa wa kituo walikokuwa wakigombania kichwa cha samaki.

"Akulina Gavrilyevna," alisema kwa upole, "mtoto wako ana umri gani sasa?"

"Sita."

"Umri mzuri. Andika, tafadhali."

Akaandika. Bahasha mia moja na kumi na nne, kwa ile hati yake iliyosimama wima, na kwenye kila moja tarehe kumi na mbili. Zile lebo za kwanza hazikukunjwa ndani. Ziliingia jikoni mwa maabara, katika jiko la makaa, na mkuu wa maabara alizitia mwenyewe, moja moja, kama mtu anayewalisha kuku.

Hivyo ndivyo Akulina alivyoingia katika elimu. Lakini kazi yenyewe aliipenda, na hili linapaswa kusemwa, maana ukweli hauchaguliwi. Alijifunza kuamsha kuvumwani kwa maji ya theluji, tone kwa tone, katika kisahani, akihesabu majani chini ya hadubini kabla ya kula chakula cha asubuhi. Kila mwaka, mwezi wa Juni, alishuka katika shimo la nyumba yake mpya, akakata kipande kisichozidi ukucha kutoka kwenye ile bahasha yake aliyoihamishia humo, akakiweka kwenye kisahani dirishani kwake. Kila mwaka kiliamka. Aliandika katika daftari: siku, joto, idadi ya machipukizi. Baada ya mwaka wa tano alielewa jambo ambalo watu wa mji mkuu hawakulijua. Kuvumwani hii ilikuwa imelowa, ikaganda, ikalowa, ikaganda, kabla ya kung'olewa, na bado iliishi. Fundisho la Venyamin Lvovich halikuwa kweli. Sampuli zake mashuhuri ziliishi kwa nguvu nyingine kabisa, nguvu ya kuvumilia kulowa na kugandishwa, na tarehe aliyoandika Akulina ndiyo iliyoficha hilo. Uwongo mmoja ulikuwa umemeza wawili: dereva aliyekufa, na ukweli wa mmea.

Venyamin Lvovich alipata nishani, akapata kiti katika mji mkuu, akaondoka. Kila mwaka mpya alimtumia Akulina kadi.

Yegor alikua akiitwa mwana wa mlevi. Shuleni walimwambia apumulie dirisha, barafu ya kioo iyeyuke kwa pombe. Hakuwahi kulia; alipiga. Alipokuwa na miaka kumi na tatu alimwuliza mama yake kama ni kweli, naye akamjibu kwamba baba yake alikuwa mtu wa heshima na siku moja itajulikana. Kijana alisubiri siku hiyo kwa miaka kadhaa, kisha akaacha kusubiri. Hakugusa pombe maishani mwake. Siku ya harusi yake alikunywa maji mbele ya wageni mia, akiwatazama mmoja mmoja. Na alipokwenda kuandikisha ndoa, sheria ilimruhusu kuchagua, akachagua jina la ukoo wa mkewe. Alitoka ofisini akiitwa Yegor Kolesov. Akulina alipata habari kwa Zoya.

"Usijali, shoga," Zoya alimwambia dukani, "jina lisilovaliwa halichakai."

Tangu siku hiyo Akulina alikuwa na haja moja tu duniani: Nikifor asafishwe ili mwanawe alirudie jina, na wajukuu walibebe. Katika nyumba ya Nikifor jina la Sleptsov lilikuwa limebaki na yeye peke yake, naye si wa damu hiyo.

Miaka ya tisini dola ilianguka na kituo kikaanza kufa. Mabomba ya joto yalipasuka, watafiti wakaondoka na paka wao. Mwaka 1996 alibaki Akulina na mlinzi mmoja. Ndipo alipokuja Sargylana, msichana wa Yakutsk mwenye miaka ishirini na tisa, anayeandika tasnifu juu ya kuvumwani, na kwa kuwa nyumba ya wageni ilikuwa imeganda mpaka dari, Akulina alimlaza kwake. Alikuwa msichana mwenye adabu, mwenye kucheka hovyo, na aliyekula samaki mbichi aliyegandishwa kama anayelipwa.

Kwa majira matatu ya machipuko Sargylana alikuwa ameng'oa kuvumwani iliyolowa na kuganda tena, na kila mara iliishi. Kila mara wakubwa walimjibu kwamba haiwezekani, Ardashev alishathibitisha kinyume. Bila shaka amechanganya sampuli zake. Mara ya tatu walimwandikia neno uzembe. Kama asingeleta maelezo kabla ya mwaka kwisha, jina lake lingefutwa chuoni.

"Shangazi, labda kweli mimi ni mzembe," alisema asubuhi moja, huku akitafuta soksi ya pili. "Wewe umeishi na sampuli zile. Zinanicheka?"

Akulina alimtazama msichana akitafuta soksi. Alikuwa amejizoesha kufikiri kwamba anamsubiria Nikifor wakati ufaao. Sasa aliona wakati wenyewe umempita akiwa amekaa, na kwamba uwongo wake umeanza kula watoto wa watu. Alishuka shimoni, akatoa bahasha nyuma ya samaki, akaileta mezani pamoja na daftari la miaka ishirini na miwili.

Sargylana alisoma lebo. Akasoma daftari, kurasa kumi, ishirini. Akalia, kisha akacheka, kisha akamkumbatia mwanamke ambaye hakuzoea kukumbatiwa.

Makala ilipelekwa kwenye jarida kubwa. Wenye jarida, kama ilivyo kawaida yao, wakamwandikia Ardashev ajibu kabla haijachapwa. Jibu lilikuja katika miezi miwili, nakala moja kwa Sargylana, nyingine kwa Akulina. Ilikuwa barua ya mtu mstaarabu. Alimpongeza mtafiti kijana. Alikiri kwamba sampuli zile alizing'oa kwa mkono wake mwenyewe tarehe 28 Mei, kama lebo halisi inavyoonyesha. Tarehe 12 iliyosambaa katika vitabu ni kosa la mnakili: marehemu dereva wake aliacha mjane, naye Ardashev akamwajiri kwa huruma; mama huyo alikuwa mgeni wa kazi na katika majonzi. Lebo zote za makosa ni za mwandiko wake, yeyote anaweza kuulinganisha. Yeye, Ardashev, hana kinyongo. Angeomba tu mama huyo athibitishe kwa saini, ili sayansi isonge mbele. Karatasi ya kutia saini ilikuwa imeambatishwa.

Sargylana alikasirika. Alisema asisaini, alisema wataandika kila kitu, jiko la makaa, dirisha, yote, alisema watu watamwamini. Akulina alimwuliza ni nani atakayeamini, na kwa ushahidi gani. Jivu?

Kisha akaisoma barua mara ya pili, polepole, kama alivyokuwa akisoma insha za wanafunzi wajanja. Na akaliona. Ili kumtwika yeye kosa la tarehe, Venyamin Lvovich alikuwa amelazimika kuikiri tarehe. Kwa saini yake mwenyewe na muhuri wa kiti chake, alikuwa ameandika kwamba tarehe 28 Mei alikuwa kisiwani, kazini, na sampuli zile. Basi katapila halikwenda kutafuta pombe. Lilikwenda kuzibeba. Tume ilikuwa imeandika uwongo, na mwenye kuuvunja alikuwa Ardashev mwenyewe.

Lakini barua hiyo ingesimama tu kama mnakili angekubali kuwa alikosea. Akikataa, Ardashev angeiondoa, angesema alighafilika kwa uzee, na ingebaki lebo moja ya penseli iliyofichwa nyuma ya samaki na mwanamke mwenye sababu ya kudanganya.

"Shangazi, hukuwahi kukosea hata nukta," alisema Sargylana. "Watakuandika hivyo milele."

"Nipe kalamu."

"Na daftari lako?"

Akulina aliinamia karatasi. Alitia saini, kwa herufi zilizosimama wima.

Makala ilichapwa mwaka uliofuata. Tasnifu ya Sargylana ilipita. Daftari halikuingia; wenye jarida walieleza kwa adabu kwamba vipimo vya mtu aliyekiri kukosea tarehe za sampuli mia moja na kumi na nne haviwezi kutegemewa. Katika tanbihi, chini kabisa, kwa herufi ndogo, imeandikwa: tarehe ya awali ilitokana na kosa la mnakili, A. G. Sleptsova. Hapo ndipo jina la Sleptsov lilipo katika elimu ya dunia, na litakaa hapo.

Akulina aliichukua barua ya Ardashev, makala na saini yake, akavipeleka idara ya sheria ya wilaya. Alirudishwa mara nne. Mara ya tano karani mwenye mafua alimgongea muhuri karatasi nusu: hitimisho la tume ya 1974 limetenguliwa, dereva N. S. Sleptsov alifariki akiwa kazini, ulevi haukuthibitishwa. Hapakuwa na neno la pole. Karani alimwambia atie saini hapa na hapa, na kwamba mlango unafungwa kwa kuvutwa.

Siku hiyohiyo alikwenda kwa Yegor, mchana, akijua ana zamu ya jioni uwanja wa ndege. Mkwewe, Marfa, alimkaribisha jikoni, akamimina chai ya maziwa. Yegor alikuwa na miaka ishirini na tisa, mabega ya baba yake yaleyale. Alisoma ile karatasi nusu mara mbili, kidole kikifuata mistari. Kisha akaichukua barua iliyoambatishwa, akaisoma nayo, na kidole kikasimama.

"Mnakili ni nani?"

"Ni mimi. Wamenitaja hata katika jarida lao, linalosomwa dunia nzima."

"Hiyo kumi na mbili uliiandika wewe."

"Niliiandika mimi."

Yegor aliiweka barua mezani, akailaza sawasawa na ukingo wa meza.

"Mama, nakuuliza mara moja tu. Ulikosea, au uliambiwa?"

Akulina alifungua kinywa. Kama angesema aliambiwa, swali linalofuata lilikuwa limekwisha kaa mezani pamoja na vikombe: basi ulijua tangu lini? Na hapo ingebidi aseme tangu siku ya matanga, tangu tochi na masanduku. Kwamba walipokuwa wakimwambia apumulie dirisha, ushahidi ulikuwa hatua thelathini kutoka kitandani kwake, nyuma ya samaki aliokuwa akiwala. Mtu huweza kumsamehe mama aliyekosea. Alimtazama mwanawe usoni.

"Nilikosea," alisema.

Yegor alitikisa kichwa polepole.

"Miaka ishirini na tatu," alisema. "Nimepita kaburi lake miaka ishirini na tatu bila kuvua kofia. Kwa sababu wewe hukuangalia vizuri."

Marfa alijifanya kutafuta kitu kabatini. Akulina alingoja kidogo, kisha akasema alilokuja kulisema: kwamba sasa jina ni safi, kwamba ofisi ya kuandikisha iko wazi mpaka saa kumi, kwamba watoto bado ni wadogo na hawatahisi badiliko lolote.

"La baba ni safi," alisema Yegor. "Nitamwekea jiwe jipya, nitaandika alikufa kazini. Lakini Sleptsov ni jina lenu wote wawili, mama. Umesema mwenyewe waliliandika kwenye kitabu cha dunia nzima, na kwa sababu gani. Wanangu wabaki Kolesov. Kolesov hawajaandikwa popote."

Akaikunja ile karatasi nusu akaitia mfukoni, akavaa buti, akatoka kwenda kazini saa mbili kabla ya zamu yake. Barua ya Ardashev aliiacha mezani.

Marfa alimwuliza mama mkwe kama amwongeze chai. Akulina Gavrilyevna alisema asante, inatosha, ni chai nzuri, na akawaulizia watoto maendeleo yao ya shule, hasa mwandiko. Alikaa mgongo wima mpaka kikombe kikaisha. Kisha akaikunja barua mara nne, akavaa kanzu yake ya manyoya, akavuta mlango nyuma yake.